Magari yamejaa kazini Obote Road: ninyi huko hufanyaje?

Kutoka: Ja-Kondele, Kisumu

Wapendwa, hamjambo? Mlio ng'ambo naomba msaada, na leo si wa pesa.

Kazini nimetwikwa mzigo usio wangu: kutafuta dawa ya uwanja wa magari. Kufikia saa mbili kasorobo asubuhi umejaa, askari wa geti anaanza kupanga magari mkia kwa mkia, na jioni ni kelele, ondoa lako nitoe langu. Karibu kila gari huja na dereva peke yake. Wako majirani wawili wa mtaa wa Milimani, uzio mmoja, wanaingia getini wakifuatana, kila mtu na lake. Bosi anataka ukuta wa nyuma ubomolewe tuongeze nafasi. Nimemwambia anipe muda niulize. Waajiri wenu huwafanyia nini watu mpaka waache magari nyumbani? Msinielezee treni za chini ya ardhi tafadhali. Mimi nina matatu, boda, tuktuk na miguu.

Kutoka: Nyar Ahero, sasa Kent, Washington

Omera (ndugu), huku kwetu jambo hili ni sheria, si hisani. Tangu 1991 jimbo la Washington huwataka waajiri wa kaunti zenye msongamano, wenye watu 100 au zaidi mahali pamoja wanaoingia kazini kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, wawe na mpango wa kupunguza safari za mtu peke yake garini. Lazima pia wateue mfanyakazi wa kuusimamia, na hilo usilidharau. Kwetu mabango yalikaa ukutani bila faida mpaka kazi ikapewa dada mmoja wa ofisi ya mishahara, ambaye ndiye ana anwani za watu wote. Akatia alama kwenye ramani, nyumba baada ya nyumba, kisha akaja mezani kwangu: "Unajua una wenzako sita hapo Kent, shifti moja na wewe?" Sikuwa namjua hata mmoja.

Sasa tunapanda vani. Kaunti ya King hutoa gari, mafuta, bima na matengenezo. Madereva ni sisi wenyewe kwa zamu. Nauli inaweza kukatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, mwaka 2025 kiwango kilikuwa hadi dola 325 kwa mwezi, au mwajiri akulipie. Masharti tumeyabandika karibu na usukani: hatusubiri mtu zaidi ya dakika tatu, redio ni ya dereva, na hakuna samaki garini. Hilo la samaki msiniulize.

Lakini kilichonitoa hofu ni ahadi ya kurudishwa nyumbani. Mtoto akiugua shuleni saa tano na gari uliliacha nyumbani, utafanyaje? Siku hiyo mwajiri hulipa teksi. Watu hawaitumii sana, wanataka tu kujua ipo. Hapo Kisumu ni tuktuk moja, gharama si kitu.

Kutoka: Mwana Kakamega, Sacramento

Nyar Ahero kasema vizuri ila kiini amekipita. Uliza kwanza maegesho yanalipwa na nani.

Bosi akibomoa huo ukuta, anamlipa nani? Mwenye gari. Mhasibu wa Milimani anapewa ardhi ya mita mbili na nusu kwa tano, nafasi ya kugeuzia, na askari wa kumlindia. Fundi anayetembea kutoka Manyatta anapewa nini? Huo ni mshahara wa siri, na anayeupata ni yule ambaye tayari ana gari.

Hapa California kuna sheria ya 1992: mwajiri wa watu 50 au zaidi, anayekodi maegesho na kuwapa wafanyakazi bure, ampe asiyeyataka thamani yake taslimu. Mwenye uwanja wake mwenyewe haguswi, kwa hivyo ina matundu. Lakini Donald Shoup, aliyekuwa profesa wa chuo kikuu cha UCLA, alifuatilia kampuni 8 za kusini mwa California zilizotoa pesa hizo, na wanaoendesha peke yao wakashuka kutoka 76% hadi 63%. Hakuna aliyekatazwa kuja na gari.

Fanya hivi. Piga hesabu ya ukuta, kokoto, lami na mshahara wa askari, uigawe kwa mwezi. Kila mfanyakazi, hata mfagiaji, apate marupurupu ya usafiri ya kiasi fulani. Halafu nafasi ya gari itozwe kiasi hicho hicho. Mwenye gari hapotezi shilingi. Akiliacha nyumbani siku moja moja, pesa ni zake.

Kutoka: Binti Lanet, Nottingham, Uingereza

Huku anayetoza ni jiji lenyewe. Tangu 2012 mwajiri mwenye nafasi 11 au zaidi za magari ya wafanyakazi huilipa halmashauri kwa kila nafasi, na pesa hizo zimesaidia kujenga njia mpya za tramu, treni za barabarani, zilizofunguliwa 2015. Mwajiri anaruhusiwa kumrushia mfanyakazi bili, na wangu aliirusha.

Ndiyo maana, kaka wa Kakamega, hesabu yako ni tamu kwa watu wa mchana tu. Mimi hutunza wazee, nikitoka usiku wa manane basi la kwenda kwetu limeshalala. Nalipia nafasi kwa sababu sina njia nyingine, si kwa sababu napenda usukani. Ja-Kondele, wa shifti ya usiku usiwatoze, au uwape gari. Mashamba ya maua ya Naivasha yamekuwa yakizungusha mabasi kuchukua wafanyakazi miaka nenda miaka rudi bila kuhitaji sheria ya Marekani.

Na baiskeli ziwekewe kibanda chenye kufuli, bafu, na kamba ya kuanikia taulo. Kwa joto hilo la ziwa, mtu hatakaa ofisini na jasho.

Kutoka: Ja-Kondele, Kisumu

Asanteni sana. Hesabu nilimpelekea bosi. Alicheka, halafu akaniuliza bei ya ukuta, na habari ya kubomoa hajaitaja tena.

Kigingi ni cheo. Mameneja wana nafasi zilizoandikwa majina pale mlangoni. Nimependekeza hizo ziwe za gari lolote litakaloingia na watu watatu au zaidi, meneja asiye meneja. Mmoja hanisalimii tangu juzi.

Wale wa Milimani wamekubali kubebana, lakini mwenye gari zuri anasema akichukua hela ya mafuta, bima itamruka siku ya ajali. Ni kweli?

Kutoka: Nyar Ahero, Kent

Huku bima za kawaida huruhusu kugawana gharama, mradi hufanyi biashara. Huko usibahatishe. Gari la kibinafsi kubeba watu kwa nauli bila leseni ya uchukuzi wa umma ni kesi. Waende kwa zamu: wiki hii gari lako, wiki ijayo langu, hakuna shilingi inayobadilisha mkono. Hata hivyo kampuni yenu iwaandikie watu wa bima kuuliza, na jibu lije kwa maandishi. La simu usilikubali.