Mtoto atajuaje mwenyewe kwamba hajaelewa anachosoma?

Mama wa Sakina, Arusha
Habari zenu walimu na wazazi wenzangu. Binti yangu yuko darasa la tatu na anasoma kwa kasi bila kugugumia, lakini nikimuuliza kama ameelewa hujibu "ndiyo" kila mara, hata pale ambapo swali moja tu la ufahamu linadhihirisha kwamba hakuambulia kitu. Nimsaidieje atambue mwenyewe mahali alipopotea, bila kuugeuza kila ukurasa kuwa mtihani?

Mwalimu wa Msingi, Moshi
Mama, swali la "umeelewa?" liache kwanza, kwani watoto wengi hulijibu kwa adabu tu. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Ellen Markman wa Marekani alichapisha utafiti ambamo watoto wa shule ya msingi walipewa maelezo yanayojipinga: kwamba kilindini hakuna mwanga wa kuonea rangi, na kwamba samaki wa huko hukitambua chakula chao kwa rangi. Wengi hawakuona kasoro. Mimi huandika ubaoni aya kama hii: "Mama Neema aliuza ndizi zake zote katika soko la Kiboriloni, kisha akarudi nyumbani na mikungu yake mitatu ile ile." Nawaambia mapema kwamba kuna mahali pasipokubaliana, kwa sababu mtoto aliyezoea kuamini kuwa maandishi hayakosei hupapita hivi hivi.

Baba Wawili, Arusha
Kwa darasani sawa, Mwalimu, ila nyumbani nisingetunga makosa, maana vitabu vyenyewe vina vikwazo vya kutosha. Katika hadithi za sungura na fisi utakuta "alipomwona akamkimbilia", na mtoto husonga mbele bila kujiuliza nani alimwona nani. Hapo ndipo mimi husimama na kumwomba anionyeshe kwa kidole, katika sentensi iliyotangulia, aliyeona na aliyeonwa.

Mama wa Sakina, Arusha
Nashukuru. Je, akishagundua kwamba amepotea, nimweleze?

Mwalimu wa Msingi, Moshi
Usiharakishe. Arudi sentensi moja au mbili nyuma asome polepole, na pasipofunguka asogee mbele kidogo, maana mara nyingine maelezo huja baadaye. Neno gumu alikisie kwanza kwa kutazama sentensi nzima, ndipo mfungue kamusi pamoja.