Darasa jipya la awali, watoto 68, mwalimu mmoja: nianzie wapi kuwajua?

chaki_nyeupe

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Nimepangiwa darasa la awali, shule ya msingi ya serikali mkoani Simiyu. Walioandikishwa ni 68 na bado wanaletwa. Chumba kimoja, mikeka sita, madawati hakuna, mwalimu msaidizi hakuna. Mafunzo yangu yalilenga zaidi darasa la 1 na la 2. Nyumbani wengi wanaongea Kisukuma, Kiswahili chao ni cha kuombea maji.

Naomba msaada kwa mambo manne. Majina, maana kuita mahudhurio tu kunamaliza nusu saa na wengine hawaitiki. Kumjua mtoto mmoja mmoja ndani ya mwezi wa kwanza wakati siwezi kukaa na kila mmoja. Wanaolia. Na la mwisho, mkuu wa shule anataka wiki ya pili nimpe orodha ya "wanaojua" na "wasiojua" herufi.

mama_mkeka

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kupewa wadogo. Uwiano rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, kwa hiyo hapo una karibu madarasa matatu chumba kimoja. Usipange kazi kana kwamba ni moja.

Anza na mzazi kabla ya mtoto. Fomu ya uandikishaji haitoshi. Nunua kaunta buku ya kwaya mbili, kila mtoto umpe ukurasa wake, na mzazi umuulize palepale mlangoni kabla hajageuza baiskeli. Swali la kwanza: nyumbani mnamwitaje? Hili ndilo linalowasumbua walimu wengi Usukumani. Kadi ya kliniki imeandikwa Emmanuel, lakini tangu azaliwe anaitwa Masanja. Unaita "Emmanuel" siku tatu, kimya. Ya nne unaandika "hasikii vizuri" au "mzito", kumbe hajui kama huyo Emmanuel ni yeye. Andika majina yote mawili. Wiki ya kwanza mwite la nyumbani, halafu uyaunganishe, "Masanja Emmanuel", mpaka ayazoee yote.

Jiandae pia kuwa na akina Kulwa na Doto kadhaa, kwa kuwa nyumba nyingi zenye mapacha zimetoa majina hayohayo, pamoja na akina Shija waliofuata baada ya mapacha. Usije ukaanza "Kulwa mkubwa" na "Kulwa mdogo", maana huyo mdogo ataitwa hivyo hadi amalize shule ya msingi. Tumia jina la baba: Kulwa Mabula, Kulwa Ng'wandu.

Maswali mengine ya mlangoni: nani anamlea kila siku (mara nyingi ni bibi, na aliyemleta leo hamjui vizuri), nani atamchukua, namba mbili za simu, na akibanwa haja husemaje. Neno hilo la haja liandike kama lilivyo, kwa Kisukuma chake. Utalihitaji kabla ya saa nne.

Kwenye magonjwa usiulize "ana tatizo lolote?" Jibu litakuwa "hana". Taja moja moja: kifafa, pumu, selimundu (sikoseli), masikio kutoa usaha, chakula kinachomdhuru. Kwenu Kanda ya Ziwa selimundu si jambo la nadra. Mtoto wa selimundu asikae kwenye sakafu baridi asubuhi, anywe maji mara kwa mara hata kama hajaomba, na mwili ukichemka mzazi apigiwe saa hiyohiyo ampeleke kituo cha afya. Wa kifafa, muulize mzazi kinavyoanza na kinadumu muda gani. Kikimjia, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, na usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni. Kikipita dakika tano, tafuta usafiri.

fundi_kona

Naongezea kwenye majina.

Kadi zitoke kwenye maboksi, sentimita 10 kwa 20. Andika kwa kalamu rashasha, herufi kubwa mwanzoni tu na zilizobaki ndogo, kwa sababu ndivyo atakavyoliona jina lake vitabuni. Andika pande zote mbili. Kadi yenye tundu moja huzunguka, na kila ukimtazama mtoto unaona boksi tupu. Ukikosa muda wa kuandika nyuma, toboa matundu mawili kwenye kona za juu.

Kamba ya shingoni ni ya ndani tu. Wakitoka kucheza, kadi zote zinarudi kwenye mfuko, maana kamba ikinasa kwenye tawi au mwenzake akiivuta, unaweza kupata msiba. Pini nazo hufunguka. Ukipata tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kata kipande, andika jina, bandika kifuani. Inadumu asubuhi nzima na haichani shati.

Pembeni ya jina chora alama: samaki, jembe, kikombe, jogoo. Hawajui kusoma bado, ila kwa samaki wake mtoto ataitafuta kadi yake mwenyewe. Na hapo ndipo mahudhurio yanapopungua urefu. Tundika kamba mbili ukutani, ya juu "nyumbani" na ya chini "shuleni". Akiingia anahamisha kadi yake kwa vibanio vya nguo. Zilizobaki juu ndio wasiofika. Wiki ya kwanza patakuwa na vurugu, simama hapo karibu. Ya pili utaanza kuona nani anatafuta kwa kufuata alama, nani ameshaizoea herufi ya kwanza, na nani anahamisha kadi za wenzake wote kwa furaha yake tu.

Wimbo wa majina kwa duara la watoto 68 usijaribu. Sekunde kumi kila mmoja ni zaidi ya dakika 11, na wa mwisho watakuwa wameshaanza kupigana. Gawa makundi sita ya watoto 11 au 12, kila kundi na mkeka wake na rangi yake. Siku moja imba majina ya kundi moja tu, wengine waitikie kiitikio. Jumatatu hadi Jumamosi ungemaliza, lakini Jumamosi hampo, kwa hiyo makundi mawili yaingie Ijumaa.

daftari_la_mwalimu

Kuhusu kumjua mmoja mmoja: watoto watano kwa siku, basi. Kwa 68 ni siku 14 za masomo, kama wiki tatu. Chagua watano hao jana yake na uandike majina yao kwenye kikaratasi cha mfukoni. Usipochagua mapema utajikuta kila siku unaandika walewale wanaopiga kelele, na kuna watoto ishirini hutawaandika kitu mpaka Juni.

Waangalie nyakati nne tu: wanapofika, kwenye kona za kuchezea, wakati wa uji, na wanapoondoka. Andika ulichokiona, usiandike hukumu. "Mtukutu" haikusaidii. "Alijaza mchanga kopo, akammwagia mwenzake mguuni, akamtazama usoni kuona kama atacheka" inakwambia huyu anatafuta rafiki na hajui njia ya kumpata.

Kuna kazi moja inakupa mengi kwa dakika tatu. Mpe mtoto vizibo kumi vya soda, mkalishe na wenzake watano, mwambie awagawie wote sawa. Kisha nyamaza. Tazama kama anagawa kimojakimoja kwa mzunguko au anamwaga mkono mzima kwa rafiki yake. Tazama kama anahesabu kwa mdomo bila kugusa vizibo, anafika kumi wakati mkononi vipo saba. Anatumia mkono upi. Vikiisha anarudi kusawazisha? Mwenzake akimpokonya anafanya nini? Anaongea lugha gani akisahau kwamba upo? Hayo ni hesabu, lugha, mikono na tabia kwa pamoja, na yeye anadhani anacheza. Vizibo vipondwe kingo kwanza kwa jiwe, vinakata vidole. Usimwachie mtoto wa miaka mitatu aliyemsindikiza dada yake, atakitia mdomoni.

Masikio: darasa likiwa limetulia, simama nyuma yake kama hatua mbili, mwite jina la nyumbani kwa sauti ya chini, upande wa kulia, kisha wa kushoto siku nyingine. Rudia siku tatu tofauti kabla hujamwambia mzazi, maana mafua peke yake yanaziba masikio. Macho: anayesogeza picha karibu na pua au anayeinamisha kichwa upande mmoja kila mara, mkalishe mbele na umwombe mzazi ampeleke kituo cha afya. Wewe usitaje jina la ugonjwa.

Kuhusu mkuu wa shule, usimkatalie, mpe kitu kingine bora zaidi. Chora jedwali: anatambua jina lake, anafuata agizo la hatua mbili ("chukua kopo, uliweke chini ya dirisha"), anagawa vitu hadi vitano, anaeleza picha, anajihudumia chooni. Weka alama tatu: bado, kwa msaada, mwenyewe. Mkaguzi akija, jedwali hilo litakutetea kuliko orodha ya herufi, ambazo kuzifundisha ndiyo kazi yako ya mwaka mzima. Orodha ya "wasiojua" ya Januari ina ubaya mmoja zaidi: huwa haifutwi.

Pwani_PP1

Salamu kutoka Kilifi, Kenya. Huku darasa la awali twaliita PP1, lakini kilio ni kilekile.

Mzazi asitoroke. Akinyemelea mlango mtoto akiwa ameshughulika, kesho yake huyo mtoto hatacheza, atakaa akilinda mlango. Aage wazi, mara moja, aondoke. Na asiseme "narudi sasa hivi". Mtoto hana saa. Aseme "nitakuja mkishakunywa uji na kuimba wimbo wa kwenda nyumbani", na aje kweli wakati huo. Mtoto akipenda, aachiwe kipande cha leso (kanga) ya mamake, akishike.

Tofautisha vilio. Cha langoni kwa kawaida hupoa mama akishatokomea. Kinachoanza katikati ya asubuhi, angalia njaa na choo kwanza. Kinachozuka wiki ya pili au ya tatu kwa mtoto aliyekuwa sawa, kuna jambo limetokea: amepigwa na wenzake, amejikojolea akachekwa, au nyumbani kuna mgeni au mgonjwa. Uliza.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni yule asiyelia, aliyekaa na mkoba mgongoni toka asubuhi hadi anakwenda nyumbani. Huyo bado hajafika. Usimvue mkoba kwa nguvu. Mpe kazi ya mikono miwili, kubeba sufuria ya vikombe na mwenzake, kugawa uji. Mkoba ukimsumbua atauvua mwenyewe.

Na mtu yeyote asimtishe kwa sindano wala polisi. Ukimtisha kwa sindano leo, siku ya chanjo shuleni utamkimbiza uwanja mzima.

mwl_wa_kati

Sikubaliani na hilo la Kisukuma. Lugha ya kufundishia awali ni Kiswahili. Ukiwazoesha Kisukuma, darasa la 1 watakwama.

mama_mkeka

Mwalimu, hakuna aliyesema afundishe kwa Kisukuma. Mtoto anayesema "minzi" anataka maji, mpe maji, na umjibu "haya, maji haya hapa". Siku ya tatu atasema maji. Ukimwambia "sema kwa Kiswahili" atanyamaza, na kiu yake palepale. Asubuhi salamu ya "mwangaluka" mara moja, kisha "habari za asubuhi", inatosha kuwafungua midomo.

Nilisahau choo. Siku ya kwanza wapeleke kundi kwa kundi, mlango wazi, waone tundu na waone mwanga. Wengi wanaogopa kutumbukia, ndiyo maana wanajisaidia nyuma ya ukuta. Waonyeshe miguu inakaa wapi. Kibuyu chirizi, kile kidumu cha kunawia mikono kinachoinamishwa kwa mguu, kiwe hapohapo nje, kamba ya kukanyagia iwe fupi kwa mguu wa mtoto, sabuni itobolewe itundikwe. Hesabu wakitoka, hesabu wakirudi. Wanaoondoka saa tano na nusu bila mtu mzima, jua ni kaka au dada wa darasa gani anawasubiri, na uandike jina lake kwenye ule ukurasa.

chaki_nyeupe

Asanteni sana, nimeanza kukata maboksi. Swali la nyongeza: nina Kulwa na Doto wa kike, wamevaa sawa, wamenyolewa sawa, na ukimwita mmoja wanaitika wote. Niwatenganishe makundi?

daftari_la_mwalimu

Wiki mbili za kwanza waache mkeka mmoja. Baadaye wawe mikeka inayopakana, waonane bila kushikana. Muulize mama alama ya mwilini, kovu au doa, iandike kwenye ukurasa wa kila mmoja. Mpaka hapo funga uzi mwekundu mkono wa Kulwa na wa bluu wa Doto, uwe mpana kidogo usibane, na mkague asubuhi kwa ile alama ya mwilini, kwa sababu nyuzi zitabadilishwa. Na kwenye siku zako za watoto watano, usiwaweke wote wawili siku moja. Utaishia kuwaandikia maneno yaleyale.