Naomba ushauri: ni "big enough" au "enough big" katika barua ya chama chetu cha kahawa?

Katibu wa Kapchorwa

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Kapchorwa. Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na nimepewa kazi ya kuandika kwa Kiingereza ombi la msaada wa kujenga ghala jipya. Kamati ilipoipitia rasimu, ubishi mrefu ulizuka, tena si juu ya ghala wala fedha, bali juu ya sentensi tatu.

Kwanza, niliandika "Our store is not big enough to hold the harvest". Mzee mmoja wa kamati, ambaye aliwahi kufundisha, anashikilia kwamba "enough" hutangulia siku zote, kwa hiyo iwe "not enough big", na ushahidi wake ni kwamba sote husema "enough money". Pili, ghala letu huchukua magunia 200, na msimu uliopita tulivuna magunia 600. Makamu mwenyekiti anataka tuandike kwamba mavuno yalikuwa "three times more than the store can hold", lakini mweka hazina anahofia kwamba mfadhili atasoma 800. Tatu, mwenyekiti anataka barua imalizike kwa "We shall be too grateful", kwa kuwa anaiona "very" kuwa haina uzito.

Naomba msaada wenu, na kila jibu liwe na sababu, kwa maana kamati hii haipokei jibu tupu.

Mwalimu wa Arua

Ndugu Katibu, sentensi yako ni sahihi. Neno "enough" hutangulia nomino, lakini likiambatana na kivumishi au kielezi hukaa nyuma yake: "enough money", "enough space", lakini "big enough", "quickly enough". Mzee wenu ameichukua kanuni ya nomino akaipeleka kwenye kivumishi. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunakwama hapa kwa sababu kwetu utoshelevu huja nyuma popote pale: tunasema "fedha za kutosha", na tunasema "kubwa vya kutosha".

Hata hivyo msimweleze Mzee kwamba maneno "enough big" hayawezi kuonekana pamoja kamwe, maana atawaletea mfano na kuwashinda. Ukiandika "We do not have enough big bags", umesema kwamba magunia makubwa mnayo ila idadi yake haitoshi. Ukiandika "We do not have big enough bags", umesema kwamba magunia yaliyopo ni madogo. Katika sentensi ya kwanza "enough" inahusu nomino "bags", na "big" imekaa katikati tu. Katika ya pili inahusu "big". Sentensi yenu inaishia kwenye kivumishi bila nomino nyuma yake, kwa hiyo "enough" haina mahali pengine pa kwenda.

Angalia pia kinachofuata. Kitendo hufuata kwa "to", na mtu au kitu huletwa na "for": "big enough to hold 600 bags", "big enough for 600 bags", "big enough for us to sort the coffee inside". Wala usirudie kitu kinachotendewa. Huandikwa "The bags are light enough to carry", bila kuongeza "them" mwishoni, ingawa Kiswahili chetu kinapenda kukirudia kitu hicho ndani ya kitenzi tunaposema "kuyabeba".

Mhasibu wa Mbale

Mimi nitajibu la hesabu. Mweka hazina wenu ana haki ya kuwa na hofu. Wapo wanaosoma "three times more than 200" kuwa 600, na wapo wanaoanza na 200 kisha wakaongeza 200 mara tatu, wakafika 800. Barua ya kuomba fedha haifai kumwachia msomaji uchaguzi huo. Andika "three times as many bags as the store can hold", ambayo haina tafsiri ya pili. Kama unataja kahawa yenyewe badala ya magunia, itakuwa "three times as much coffee as", kwa kuwa magunia huhesabika na kahawa hupimwa. Na usisahau "as" ya pili. Wengi huiacha na kuweka "than" mahali pake.

Lakini kwa maoni yangu tarakimu zenyewe zinatosha: "The store holds 200 bags; last season we harvested 600." Mfadhili anajua kugawanya.

Jambo jingine ni kulinganisha vitu vya aina moja. Msiandike "Our harvest was larger than the store", kwa sababu mavuno hayalinganishwi na jengo. Linganisheni na uwezo wa jengo. Vilevile, Kiswahili husema "mavuno yetu ni makubwa kuliko ya jirani zetu", na ile "ya" inabeba mzigo wote. Kiingereza kinahitaji "than that of our neighbours" au "than our neighbours'". Na mkitaja milima, kwa kuwa mko ubavuni mwa Elgon, kumbukeni neno "other". Kilele cha Margherita katika Mlima Stanley kina mita 5,109, na kilele cha juu cha Elgon kina mita 4,321. Kwa hiyo "Mount Stanley is higher than any other mountain in Uganda". Ukiiondoa "other", umesema Stanley ni mrefu kuliko yenyewe.

Mama wa Bombo

Mwambieni Mwenyekiti, kwa heshima zote, kwamba "too grateful" haifai. Kiswahili kina neno "mno", ambalo hufanya kazi mbili: "nimefurahi mno" ni sifa, na "mzigo ni mzito mno" ni lawama. Kiingereza cha barua rasmi kimezigawa kazi hizo, na "too" kwa kawaida hubeba lawama, yaani kiasi kimepita na kuna jambo limeshindikana. "The store is too small to hold the harvest" ni sentensi nzuri, tena ni njia nyingine ya kusema lile la kwanza. Najua hapa Uganda tunaambiana "too good" kwa kusifu, na sokoni hakuna anayekosea kuelewa, ila mfadhili aliye mbali anaweza kujiuliza shukrani zimezidi kwa nini. "We would be most grateful" ina uzito anaoutaka Mwenyekiti.

Kijana wa Busia

Naongeza dogo tu: kagueni kama kuna "more better" au "more bigger". Alama ya ulinganisho ikiwa moja, imetosha.

Katibu wa Kapchorwa

Nawashukuru nyote. Mweka hazina amefurahi, na Mwenyekiti amekubali "most grateful". Mzee bado hajaridhika. Anauliza kama lipo neno rasmi zaidi ya "enough", linaloweza kutangulia kivumishi.

Mwalimu wa Arua

Lipo. "Sufficient" hutangulia nomino, kama katika "sufficient space", na "sufficiently" hutangulia kivumishi. Mkiandika "Our store is not sufficiently large to hold the harvest", neno la Mzee litatangulia na sarufi haitavunjika. Mimi ningebaki na "big enough", kwa kuwa ni fupi na haina majivuno, lakini kama sahihi yake inahitajika ili barua iondoke wiki hii, mpeni hiyo.