Ruta zinagawa mzigo sawasawa kati ya faiba na redio: nimekosea wapi?

Mwanaruta:
Wakuu, naomba ushauri. Nina majengo mawili yaliyounganishwa kwa njia mbili: faiba ya Gbps 1, na kiungo cha redio chenye uwezo wa Mbps 100 ambacho nilikusudia kiwe cha akiba tu. Ruta za pande zote mbili zinatumia OSPF, itifaki inayozifanya ruta zipeane habari za njia na kuchagua yenye gharama ndogo zaidi, nami niliamini kwamba ingeichagua faiba bila kuambiwa. Kumbe jedwali la njia linaonyesha gharama ya 1 kwa zote mbili, na mzigo unagawanywa baina yao, hata redio ikijaa baadhi ya watumiaji wanalalamika huku wenzao wakiwa hawana neno. Nafikiria kuandika kwa mkono njia ya kudumu inayopita kwenye faiba. Je, ni busara?

Fundi_Waya:
Mkuu, usiiandike kwanza. Kwenye ruta za Cisco, njia ya kudumu hupewa umbali wa kiutawala (namba ya kuamua habari za njia kutoka chanzo kipi ziaminiwe kwanza) wa 1 na ya OSPF hupewa 110, na namba ndogo ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo itashinda kweli, lakini siku faiba itakapokatika mbele ya swichi huku kiolesura cha ruta (tundu la kuchomekea kebo) kikionekana kizima, pakiti zitaendelea kumwagwa shimoni na redio imekaa bure.

Tatizo lako ni la hesabu. Gharama ya OSPF hupatikana kwa kugawanya kasi ya rejea (kasi ya kulinganishia) kwa kasi ya kiolesura, na kasi ya rejea ya kiwandani ni Mbps 100. Kiolesura cha Mbps 100 kinapata 1. Cha Gbps 1 kingepata 0.1, ila gharama haishuki chini ya 1. Pandisha kasi ya rejea hadi Mbps 10,000 kwenye ruta zote, maana kila ruta hujipigia hesabu yake yenyewe.

Kebo_Ndefu:
Kwa nini usirudi kwenye RIP, itifaki nyingine ya kuchagua njia, ambayo ni nyepesi?

Fundi_Waya:
RIP huhesabu ruta zilizo njiani tu, wala haiulizi kasi. Kwake faiba na redio ni mapacha.

Mwanaruta:
Nimebadilisha pande zote mbili. Gharama imepanda kutoka 1 hadi 10, lakini imekuwa 10 kwa faiba na 10 kwa redio!

Daraja110:
Bila shaka redio yako imechomekwa kwenye kiolesura cha Gbps 1. Ruta haijui kinachotokea hewani. Inachosoma ni kasi ya kiolesura chake yenyewe, hata kama redio iliyo mbele yake inapitisha sehemu moja tu ya kumi ya kasi hiyo. (Mimi mwenyewe nilikesha usiku mzima kabla sijaling'amua hili.) Weka gharama ya 100 kwa mkono kwenye kiolesura kinachoelekea redio, na ufanye hivyo katika ncha zote mbili, kwa kuwa gharama hutumika pale pakiti inapotoka. Ukiweka upande mmoja tu, pakiti zitakwenda kwa faiba na nyingine zitarudi kwa redio, na ukuta wa moto unaofuatilia mawasiliano katika njia mojawapo unaweza kuzitupa.

Hakikisha pia kwamba hakuna mtandao unaotangazwa kupitia redio kwa kiambishi kirefu zaidi (idadi ya biti za mwanzo wa anwani zinazotambulisha mtandao, inayoandikwa baada ya alama ya /). Ruta ikiwa na /24 na /16 zinazolingana na anwani ileile, itafuata /24 bila hata kutazama gharama.

Mwanaruta:
Sasa mzigo wote unapita kwenye faiba. Nimeichomoa makusudi upande wa mbali wa swichi, na redio imepokea, ila mawasiliano yalikatika kwa karibu sekunde 40.

Daraja110:
Huo ndio muda ambao OSPF humsubiri jirani aliyenyamaza kabla ya kumhesabu kuwa amekufa: salamu kila sekunde 10, na kimya cha sekunde 40. Washa BFD, utaratibu wa kugundua haraka njia iliyokatika, kwenye ruta zote mbili, kama zinaiauni, nawe utapata badiliko la chini ya sekunde moja. Kama haziiauni, punguza muda wa salamu na wa kusubiri, ukikumbuka kwamba namba hizo zisipolingana katika ncha zote mbili, ruta zitakataa kuwa majirani.