Kikundi chetu cha kusafisha barabara kinavunjika, naombeni ushauri

Mfagiaji wa Tandale: Wakuu, habari za jioni. Tuko watu 14. Tangu Februari kila Jumamosi tunafagia barabara ya mtaani kwetu, kuanzia kijiwe cha bodaboda hadi kwenye kalavati la mtaro unaomwaga Mto Ng'ombe. Hatulipwi hata senti. Sasa Jumamosi tatu mfululizo wanatokea wanne tu, na mwenyekiti ni mimi. Nikipita, watu wananyamaza. Niwarudishe vipi? Roho inaniuma, maana vuli ikitukuta mtaro umeziba, maji yanalala na sisi vyumbani.

Bi Mkubwa wa Mtoni: Pole mwanangu. Mtu anakunywa maji kwenye daladala, chupa anaitupa dirishani, mafuriko yakija analaumu serikali. Sisi tumelelewa kuamka na fagio la chelewa mkononi.

Wa Kigali: Huku Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda. Asubuhi maduka yamefungwa, kila mtu yuko nje na jembe lake. Kujitolea kwenu bila sheria hakutadumu.

Koleo: Hata sisi tulifanya. Tarehe 9 Desemba 2015 Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, nchi nzima tukaingia barabarani. Nilizoa taka na bosi wangu bega kwa bega, dakika kumi tu akaomba maji ya kunywa, hahaha!

Mama Wawili: Hadithi baadaye. Mwenyekiti, watu kumi hawasusi kwa pamoja bila sababu. Kuna hela hapo?

Mfagiaji wa Tandale: Kuna chupa. Tunamuuzia mnunuzi kwa kilo, pesa inaingia kwenye simu yangu. Yote nimeandika kwenye daftari.

Mama Wawili: Na kwenye simu bado ipo?

Mfagiaji wa Tandale: Julai nilitoa 85,000, nilikuwa na shida. Sikuiba dada yangu, nitarudisha mwisho wa mwezi. Glavu za kwanza nilinunua mimi, viroba nabeba mimi. Na nimeshaongea na kijana mwenye guta, sisi wanne tunaweza kuendelea.

Mzani: Uzi wa kutunga huu. Chupa ndogo, kilo moja zinaingia kama hamsini. Hata kwa 400 kilo, 85,000 ni chupa zaidi ya elfu kumi. Barabara moja ya mtaa?

Koleo: Duh! Nilishaanza kumhurumia.

Mfagiaji wa Tandale: Mkuu, barabarani tunapata chache. Nyingi ziko mtaroni. Masika yote, kila mvua ikikatika, pale kwenye kalavati chupa zimejazana mpaka maji huyaoni. Unaingia, unafungua kizibo, unamwaga tope, unaikanyaga. Ikibaki na tope mnunuzi anakukata kilo. Vizibo vina kiroba chake, havichanganywi na chupa. Ukimaliza, harufu ya ule mtaro inakaa mikononi hadi Jumatatu, sabuni haiitoi.

Mzani: Sawa, la vizibo analijua aliyeshika. Naomba radhi. Lakini hesabu hii mbona hukuwasomea wenzako?

Mfagiaji wa Tandale: Kwa sababu mmoja wa hao kumi ni baba mwenye nyumba wangu. Ile 85,000 ndiyo niliyomlipia kodi. Mzee wa miaka sitini na kitu, anaingia mtaroni na sisi hadi magotini.

Bi Mkubwa wa Mtoni: Yarabi.

Mama Wawili: Kumbe ndiyo hilo. Keshokutwa Jumamosi. Nenda kwake kesho jioni na daftari, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Halafu pesa ishikwe na mwenzenu, wewe baki na fagio. Guta achana nalo.

Mfagiaji wa Tandale: Guta nimeshalilipia nusu. Kwa mzee nitakwenda.