Ushauri: kitanda na godoro la kudumu, niangalie nini?

Habari zenu wakuu. Mi na mke wangu tumepanga kununua kitanda na godoro jipya vyote kwa pamoja, hili la sasa limeshabonyea katikati, usiku mnajikuta wote mmetelemkea kwenye shimo na asubuhi kiuno kinauma mpaka uanze kuzunguka zunguka ndo kinaachia. Mimi ni mzito kidogo, mke wangu mwepesi na analalia ubavu, analalamika bega. Kila ninayemuuliza ananiambia nunua gumu kuliko yote ndo linadumu na ndo zuri kwa mgongo, sasa mke wangu akilala kwenye gumu bega linazidi. Halafu kuna sponji, kuna springi, kuna wanaosema chukua kitanda cha chuma wengine mbao. Nataka kitu tukae nacho miaka mingi bila kujuta, naombeni msaada kwa wanaojua haya mambo.

mpenda_usingizi
Mkuu, hapo kwenye "gumu ndo linadumu" ndo watu wengi tunapopotezwa. Ugumu na uimara ni vitu viwili tofauti kabisa. Ugumu ni vile unavyosikia ukilala, uimara wa sponji unatokana na densiti, yaani kwenye mita moja ya ujazo kuna kilo ngapi za sponji. Kuna sponji ngumu ya densiti ndogo, ukiikalia dukani unaona kitu cha chuma kabisa, ila haichukui muda inaanza kubonyea pale panapokaa nyonga, na kuna laini ya densiti kubwa inakaa miaka. Kwa mtu mzima mzito usikubali chini ya kilo 28 au 30, na muuzaji akishindwa kukwambia densiti omba mizani. Kwa mfano godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8, sponji ya densiti 30 itakuwa na kilo kama 17 hivi, ukikuta godoro zima la saizi hiyo lina kilo 10 tu ujue densiti haifiki hata 20, hapo hata wakuapie vipi we ondoka.

Na hilo la mgongo, kuna utafiti ulifanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, ukatoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2003, waliolalia magodoro ya ugumu wa kati walipata nafuu kuliko waliolalia magumu. Kwahiyo hao wanaokwambia chukua gumu kuliko yote wasikutishe.

Bi_Rehema
Kaka sikiliza na bega la mkeo, usimnunulie mtu kitu cha kumtesa kila usiku. Anayelalia ubavu uzito wote unakaa kwenye bega na nyonga, godoro lisipompa nafasi ya kuzama kidogo lazima aamke na ganzi. Anayelala chali anahitaji gumu kidogo kiuno kisining'inie, na wa kifudifudi gumu zaidi maana tumbo likizama mgongo unapinda. Nyie wawili mko tofauti kwahiyo chagueni la katikati lenye tabaka laini juu na sponji nzito chini, hapo wote mnapona.

Na nendeni WOTE WAWILI kulijaribu. Msibonyeze kwa mkono mkaridhika, vueni viatu mlale pamoja vile mnavyolala kwenu, dakika kumi au kumi na tano, muuzaji akinuna anune. Ukilala chali pitisha mkono chini ya kiuno, ukipita kirahisi na nafasi inabaki basi ni gumu sana kwako, ukiwa hauingii kabisa na unaona umezama ni laini mno. Mkeo akilala ubavu mwangalie kwa nyuma, uti wa mgongo unatakiwa uende sawa toka shingoni mpaka chini.

fundi_chaga
Wenzangu mmeongelea godoro tu ila naomba mnisikilize, magodoro mengi yanauliwa na kitanda. Unakuta mtu kanunua godoro zuri kabisa kaliweka juu ya chaga sita zilizoachana, sponji inaingia kwenye zile nafasi kila siku mpaka inakatika, halafu lawama anapewa mtengeneza godoro. Chaga zikae karibu karibu, nafasi isizidi sentimita 7, kama vidole vinne vya mkono, na ziwe nene haziyumbi ukipanda na goti. Kitanda cha watu wawili lazima kiwe na mbao ya katikati toka kichwani mpaka miguuni na mguu wake unaogusa sakafu, bila hiyo chaga zitapinda tu na mtarudi kulekule kwenye shimo.

Mbao iwe imekauka vizuri, mbichi ikija kukauka ndani inapinda na viungo vinaachia. Viungo viwe vya bolti, misumari mitupu hapana, bolti ikilegea unakaza maisha yanaendelea. Vile vitanda vya mbao za kubandikwa za unga unga vinapendeza macho lakini ukihama mara mbili tatu matundu ya skrubu yanakuwa makubwa hakuna kinachoshika, na maji yakigusa inavimba ndo basi tena. Chuma nacho ni kizuri, kunguni hawapati sehemu nyingi za kujificha, ila angalia unene wa bomba na ulehemu wa kwenye kona. Kishike kichwani ukisukume kushoto kulia, kikicheza au kikitoa mlio kikiwa kipya dukani msikichukue.

mpenda_usingizi
Fundi umenena, mimi hapo kwenye chaga sikupagusa.

muulizaji
Asanteni sana, aisee kumbe nilikuwa nataka kuanza na godoro nikaacha kitanda cha mwisho. Swali moja, springi je? Mke wangu anaamka kila nikigeuka.

Bi_Rehema
Springi ziko aina mbili kaka. Kuna zilizofungwa pamoja kwa waya, ukigeuka huku na mwenzio anarushwa, na kuna ambazo kila springi iko kwenye kifuko chake cha kitambaa, hizo kila moja inabonyea kivyake na ndo zitawafaa. Sponji nzito nayo haitingishiki sana. Ile sponji ya kukumbuka umbo la mwili, iliyotokana na kazi ya NASA miaka ya 1960, inatuliza kabisa mtikisiko ila inatunza joto, kama mnatoka jasho usiku fikirieni mara mbili.

Mkishanunua toeni ile nailoni jamani, watu wanaiacha wakidhani wanatunza godoro kumbe jasho linakosa pa kutokea na godoro linaota ukungu kwa chini. Wekeni kava la kitambaa linalofulika, na kila baada ya miezi michache geuzeni upande wa kichwa uende miguuni. Kama lina tabaka laini upande mmoja msilipindue chini juu, zungusheni tu.

fundi_chaga
Na bolti zikaze tena baada ya mwezi wa kwanza, mbao ikishazoea uzito zinalegea kidogo.