Mlembe na warina asali: nani kamfundisha huyu ndege?

Mtumishi_wa_Sikonge:
Wadau salaam. Nina swali kwa wale mnaosema dunia ilijitokeza yenyewe. Mlembe mnamjua, yule ndege anayewaongoza warina asali. Anakufuata ulipo, anapiga kelele, anaruka mti hadi mti huku akiangalia kama unakuja, mpaka kwenye nyuki. Wewe una moto na shoka, unapasua. Yeye anabaki na nta. Sasa sikilizeni: mama yake hajengi kiota wala halei. Anataga kwenye kiota cha ndege mwingine, anaondoka zake. Yaani kinda limekua bila kuwajua wazazi wake. Nani kalinong'oneza kwamba kuna kiumbe mwenye miguu miwili anayejua kuwasha moto? Ayubu 39, Mungu anauliza kama mwewe huruka kwa akili zako wewe. Nijibiwe kwa hoja, matusi pelekeni kwenye mpira.

Bint_Mrima:
Naam mtumishi. Na sisi Suratul Mulk inatuuliza kama hatuwaoni ndege juu yetu wakizikunjua mbawa na kuzikunja, na hakuna anayewashikilia ila Mwingi wa Rehema. Nyuki nao wana sura yenye jina lao. Mola wao kawafunulia wajenge milimani na mitini. Aliyewapa hao ilhamu ndiye kampa na mlembe.

Kisiki_cha_Mpingo:
Mtumishi umesimulia ile nusu tamu. Ngoja nikumalizie. Hilo kinda likianguliwa halina manyoya, halioni, ila mdomoni lina ndoana kali, juu na chini. Halina kazi nyingine kwanza: linawauma makinda ya mwenye kiota humo gizani mpaka yafe. Mara nyingi wenye kiota ni keremkerem; makinda yao mengine hufa baada ya dakika chache, mengine huteseka kwa saa nyingi. Watafiti waliweka kamera shimoni huko Zambia, matokeo yakatoka 2012. Baada ya muda ndoana zinadondoka zenyewe, hazihitajiki tena. Sasa kama kuonyesha asali ni hekima ya Muumba, ndoana ni hekima ya nani? Darwin alimwandikia rafiki yake Mmarekani mwaka 1860 akilalamikia jambo la aina hii hii, nyigu ambao watoto wao hula viwavi wakiwa hai. Lakini najua sitajibiwa. Nyie wahubiri wa mjini mlembe mmemwona kwenye simu.

Mtumishi_wa_Sikonge:
Wa mjini nani? Soma jina langu. Marehemu baba alikuwa na mizinga ya magogo mingi kuliko ukoo wako wote. Nimelamba masega kabla sijaota meno. Kijana, kuna watu wa kuwafundisha habari za mlembe, mimi simo.

Kisiki_cha_Mpingo:
Sawa mzee wangu, shikamoo. Na ndoana?

Mtumishi_wa_Sikonge:
Nimeshakwambia nimezaliwa Sikonge.

Mwl_Chaki:
😂😂 Jamani. Kuna kitu nyote wawili mmekiruka. Wayao wa Msumbiji, kule hifadhi ya Niassa, humwita mlembe kwa mlio fulani, "brrr-hm". Utafiti wa 2016 ulionyesha ukiita hivyo nafasi ya kuongozwa inapanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa huku kwetu wanampigia mluzi. Mwaka 2023 ikachapishwa nyingine: waliwapigia ndege wa Niassa mluzi wa Kihadzabe, na wa huku wakapigiwa brrr-hm. Ndege wa kila upande waliitikia sauti ya watu wao zaidi, karibu mara mbili kule Niassa, zaidi ya mara tatu huku. Kwa hiyo silika ya kuongoza huenda anazaliwa nayo, lakini lugha ya wenyeji anajifunza akiwa hai hapo hapo. "Hajafundishwa na yeyote" haikai sawa, na wanaomwona ni mashine tu nao wanapotea. Kinachonishangaza ni kwamba hata watu wasio na dini kama Wahadzabe wamejenga uelewano huu na ndege.

Ngoma_ya_Epeme:
Mwalimu simama hapo hapo. Nani kakwambia Wahadzabe hawana dini?

Mwl_Chaki:
Nimemaanisha dini ya kitabu, dada. Usichukue vibaya.

Ngoma_ya_Epeme:
Basi ungesema hivyo. Epeme, ngoma takatifu ya Wahadzabe, inachezwa usiku wa giza, mwezi haupo, na ina miiko yake: nyama ipi ale nani na nani asiione. Ishoko, ambaye ni jua, na Haine, ambaye ni mwezi, wanatajwa tangu zamani. Kwa vile hakuna jengo lenye vipaza sauti mnasema hakuna dini. Mnafika bonde la Yaeda wanakoishi na gari la watalii, mnapiga picha na upinde, mnarudi kuandika "hawana dini". Umeniudhi kweli leo.

Bint_Mrima:
Kila mtu kaumbwa na fitra ya kumjua Mola wake, hao nao wamo. Ila kulitukuza jua hapana.

Ngoma_ya_Epeme:
Haya, na wewe umekuja kutuhukumu.

Kisiki_cha_Mpingo:
Mkitafuta mcha Mungu ni mlembe mwenyewe. Padri Mreno João dos Santos, akiwa Sofala, Msumbiji, mwaka 1588, aliona kindege kinaingia kanisani kula nta ya mishumaa. Huyo kahudhuria ibada kuliko wengi humu.

Mtumishi_wa_Sikonge:
Mwenye dhihaka tumwache na dhihaka yake. Najibu wenye akili.

Baharia_Mstaafu:
Mmeng'ang'ania asali, kuruka kwenyewe mmekusahau. Mwaka 2022 kinda la ndege mmoja wa pwani, la miezi mitano tu, lilifungwa kifaa cha setilaiti Alaska. Likatua Tasmania. Kilomita 13,560, siku 11, halikutua popote. Kabla ya safari ndege hawa hujaza mafuta mwilini na matumbo yao husinyaa ili wapunguze uzito. Nimekaa baharini miaka mingi na ramani, dira na nahodha mwenye cheti, na bado tulikuwa tunaipotea njia. Hili mnaliwekaje?

Jirani_wa_Isiolo:
Salamu kutoka Kenya. Waborana wa kwetu pia humwita ndege huyu kwa filimbi, na kuna utafiti wa 1989 uliosema bila yeye kutafuta mzinga katika nyika usiyoijua huchukua karibu saa tisa, ukiwa naye ni saa tatu na kitu. Lakini wazee wana onyo: ukirina umwachie sega lake. Ukimdhulumu, safari ijayo atakupeleka kwa simba.

Mtumishi_wa_Sikonge:
HAPO UMESEMA! Kwetu ni chui au chatu, lakini ni kitu kimoja. Mzee jirani yetu alikomba mzinga hadi nta. Wiki iliyofuata aliongozwa vizuri tu, mluzi na yeye, kufika kwenye kichaka, chui huyu hapa. Huo ndio uadilifu wa Mungu, unatekelezwa na kindege.

Kisiki_cha_Mpingo:
Chui alimwonaje, na nani alisimulia, huyo mzee au huyo chui?

Mtumishi_wa_Sikonge:
Alipona. Kovu nimeliona mwenyewe.

Mwl_Chaki:
Mzee wangu, Wahadzabe mara nyingi hawamwachii kitu. Nta wanaichoma au kuizika makusudi, ndege abaki na njaa aendelee kuwatafutia. Kwa hesabu yako wangekuwa wameliwa wote zamani.

Jirani_wa_Isiolo:
Wanachoma? Hiyo ni dhuluma mchana kweupe!

Ngoma_ya_Epeme:
Tumetoka "hawana dini", sasa ni madhalimu. Nyie nyamachoma ikibaki mnawaachia mwewe?

Bint_Mrima:
Dada, kuna mwanamke aliingia motoni kwa sababu ya paka tu. Mnyama ana haki yake.

Ngoma_ya_Epeme:
Ndege anakula nta ya mizinga mingine pia, hafi njaa. Na akishiba leo nani atamwongoza mtoto wangu kesho?

Baharia_Mstaafu:
Nauliza tena kuhusu safari ya Tasmania.

Jirani_wa_Isiolo:
Mzee tulia kidogo, tupo kwa simba.

Kisiki_cha_Mpingo:
Ndege anaona simba amelala karibu na mzinga, wewe unamfuata ndege, unamkuta simba. Hakuna hakimu hapo. Ni nyika, ina simba.

Mtumishi_wa_Sikonge:
Na aliyemlaza simba hapo siku hiyo hiyo ni nani?

Kisiki_cha_Mpingo:
Usingizi.

Duka_la_Mama_Neema:
Samahani kuwakatiza. Mtumishi, hiyo mizinga ya baba bado ipo? Natafuta nta safi ya kutengenezea mafuta ya midomo, kilo kumi kwa kuanzia.

Mtumishi_wa_Sikonge:
Ipo, mama. Nitumie namba pembeni. Asali pia ipo, ya miombo, haijachanganywa na sukari.

Ngoma_ya_Epeme:
Kilo kumi za nta! Hapo mlembe kaachiwa nini?